Irimu Jekundu la Sakina

Mwanangu Rodrick alikuwa anataka kitu kimoja tu: mtoto wake amwite baba. Hakutaka nyumba ya matofali, hakutaka gari lake mwenyewe, na miaka ile ya ruksa, serikali ilipofungulia watu biashara, nani Arusha alikuwa hataki gari lake mwenyewe? Yeye alitaka aitwe baba. Na Lucky, mjukuu wangu, ambaye miaka mitatu ilikuwa bado haijatimia, alikuwa anamwita mgeni.

"Bibi, mgeni kaja."

Ndivyo alivyokuwa ananiambia kila Rodrick akitokeza mlangoni. Mgeni! Pua ile ile, masikio yale yale yaliyosimama, halafu mgeni. Nilikuwa natamani kuwasimamisha wote wawili mbele ya kioo wajione.

Simlaumu mtoto. Rodrick alikuwa dereva wa Fuso la tajiri mmoja anaitwa Eliamini, na gari la tajiri halina Jumapili. Likitoka Singida na alizeti linapelekwa Tunduma, likitoka Tunduma linatumwa Namanga. Baba mtu anafika nyumbani mtoto kalala, anaondoka mtoto hajaamka, na kati ya safari na safari mwezi unakatika. Kwa mtoto wa umri ule mwezi ni maisha.

Lakini kilichokuwa kinamchoma Rodrick zaidi kilikuwa kingine. Lucky alikuwa na wazimu wa magari. Sisi tunakaa Sakina, kando kabisa ya barabara ya Nairobi, na mimi, Hedwiga, Mama Rodrick, au Bibi Lucky ukipenda, nina kibanda cha chakula ndani ya uzio wa gereji, na nyumba yetu iko nyuma ya kibanda. Mtoto kakulia kwenye injini. Alijua kuiga breki za upepo kabla hajajua kuomba maji. Kwa hiyo Fuso likiingia uani, Rodrick anaruka chini, anapiga magoti kwenye vumbi, anafungua mikono. Lucky naye anatoka mbio, anacheka, anampita baba yake kama hakuona mtu, anakwenda kukumbatia tairi.

Tairi! Nimeyaona kwa macho yangu, na mafundi wote wa gereji wameyaona. Wa kwanza kucheka alikula ugali mkavu siku hiyo, na hakuthubutu kuuliza mboga iko wapi.

Jioni moja Rodrick akaja jikoni, akasimama karibu na jiko, akawa anachezea kifuniko cha sufuria. Mimi nilimzaa huyu, nikajua kuna neno.

"Mama, Eliamini anataka dereva wa kukaa Mwanza. Mwaka mzima, labda miwili. Safari zote ni za huko huko ziwani."

"Na wewe umemjibu nini?"

"Nimemwambia anipe muda nifikiri. Ila nafikiri nini, mama? Hapa mgeni, kule mgeni. Afadhali nikawe mgeni ambako hakuna anayenikumbusha."

Hasira zangu huwa zinafika kabla ya akili, ndivyo Mungu alivyoniumba. Nikamwambia mtoto hata hajaacha kujikojolea amemshinda mpaka anakimbilia Mwanza? Nikamwambia marehemu baba yake angemsikia angefufuka kwa aibu. Nikamtoa jikoni kwa mwiko. Alipoondoka nikakata vitunguu, nikakata, nikakata, mpaka Anneth, mkwe wangu, akaniuliza, "Mama, kuna harusi?" Nilikuwa nalia, mwenzenu. Na vitunguu havikuwa na kosa lolote.

Anneth alikuwa anauza mitumba ya watoto soko la Kilombero. Siku chache baada ya hapo akafungua robota, yaani furushi la mitumba, na katikati ya visweta na soksi zisizo na wenzao akakuta kitabu cha Kizungu. Kimechanika, hakina jalada, lakini ndani magari yote yana macho na midomo, yanacheka, yanalia, moja limevaa kofia. Akamletea Lucky. Yesu na Maria! Mtoto alikaa na kile kitabu asubuhi mpaka jioni. Hakula, hakuzurura, hakunivuta kanga. Alikiangalia, akakibusu, na siku ya tatu akaanza kukitafuna. Ilipofika Jumapili kilikuwa kimebaki kipande kimoja chenye tairi la basi.

Ndipo wazo likanijia. Kama mtoto huyu anasikiliza kwa macho, basi nimpe hadithi ya kutazama. Nami hadithi ninayo, ile niliyopewa na bibi yangu kule Kibosho, ya irimu, yaani zimwi kwa Kiswahili. Irimu linakuja kijijini, linameza mbuzi, linameza ng'ombe, linameza mama na baba, anabaki mtoto mmoja aliyefichwa migombani. Mtoto anatoka, analikata irimu kidole cha mwisho, irimu linatapika watu wote, wazima. Na wa mwisho kutoka ni baba. Mnaona nilikokuwa naelekea. Mtoto akijua kwamba baba ni mtu wa kungojewa mpaka mwisho wa hadithi, labda na yeye atajifunza kumngojea wake.

Tatizo ni mchana. Bibi yangu alinikataza kabisa kusimulia hadithi jua likiwa juu. Alisema ukisimulia mchana, walio malishoni wanapotea njia ya kurudi. Mimi Sakina sina mbuzi malishoni, lakini nina mwana barabarani, na rozari yangu yote ni hiyo hiyo: arudi. Siwezi kucheza na katazo kama hilo. Na huyo Lucky naye jua likizama kazama. Ukimwita aje asikilize hadithi anakukoromea.

Aliyenitatulia hilo ni Lemburis. Huyu ni kijana wa Kiarusha, mchoraji wa magari pale gerejini. Majina ya matajiri kwenye milango, misemo kwenye paji la lori, namba za mbele na za nyuma, vyote vilitoka mkononi mwake. Aliniita yeyo, ndiyo mama kwa lugha yao, na alikula kwangu kila siku.

"Yeyo," akaniambia mdomo umejaa ndizi, "kusimulia ni kwa mdomo. Kitabu kinaonyeshwa kwa kidole. Kidole nani kakikataza?"

Nikatafuta kasoro kwenye maneno yale, sikuiona. Nikampakulia nyama nyingine.

Basi tukapatana. Kitabu kisichotafunika. Lemburis akachukua vipande vya hardibodi, zile mbao nyembamba ngumu, vilivyobaki kwenye bodi za Land Rover za watalii, akavikata saizi moja, akasugua kingo kwa msasa, akatoboa matundu na kuvifunga kwa waya wa breki. Rangi yake ni ya gari, ile inayong'aa. Kitabu kikawa na uzito wa kuvunja mguu. Nilimwelekeza hadithi, na kila mtu kwenye hadithi tukampa gari lake. Mbuzi wakawa pikipiki. Ng'ombe wakawa Land Rover. Bibi akawa Pijo kuukuu, nikanyamaza. Mama akawa basi. Baba akawa trekta kubwa la bluu, na mtoto katrekta kadogo ka bluu kamejificha migombani, kameshika mwiko.

"Na irimu?" akaniuliza.

"Irimu liwe lori. Liwe kubwa, liwe jekundu, liwe na macho ya kutisha."

"Kidole chake cha mwisho kiwe nini?"

"Taa yake ndogo ya nyuma. Mtoto aipige kwa mwiko, aseme 'Tapika!', mlango wa nyuma ufunguke, watoke."

"Sawa, yeyo. Nimelipata."

Nikaenda kwenye masufuria yangu. Nilikuwa na mafundi ishirini wana njaa, sikuwa na muda wa kusimama nyuma ya mchoraji.

Kitabu kilipokauka nilikishika kwa mikono miwili, nikasema jamani, huyu mtoto wa watu ana kipaji. Irimu lilitisha mpaka mimi mwenyewe nikageuza ukurasa haraka. Na ukurasa wa mwisho ulikuwa mzuri kupita yote: trekta la baba linatoka tumboni mwa irimu, na juu yake ameketi mtu mwenye kofia, uso umejaa vumbi jeupe, anacheka.

"Huyu mtu nani? Mimi sikusema mtu."

"Dereva," Lemburis akasema. "Siwezi kuchora gari linatembea halina dereva. Hiyo ni ajali."

Siku ya kwanza nikamsimulia Lucky kwa mdomo, mara moja tu, giza lilipoanza kuingia, huku nampaka maji usoni asilale. Baada ya hapo mchana nafunga mdomo, naonyesha kidole, yeye ndiye anasema. Mtoto hajakatazwa kitu.

"Imu kameza pikipiki. Imu kameza Landova. Imu kameza bibi!" Hapo anacheka sana, sijui kwa nini. "Imu kameza baba." Hapo hacheki. Anageuza hardibodi kwa mikono miwili, anapumua kwa nguvu, anashika mwiko wa hewani. "Tapika!" Paa, anapiga ukurasa. Halafu anaweka kidole juu ya yule mtu wa vumbi, ananitazama. "Baba katoka?"

Naitikia kwa kichwa.

"Baba katoka," anamwambia kuku aliyepita.

Jamani, niliringa. Neno baba lilikuwa mdomoni mwa mtoto yule kutwa nzima. Nikawa nangoja Rodrick arudi nimwonyeshe kwamba mama yake si wa kumwagia watu hasira tu.

Akarudi Jumamosi, saa ya chakula cha mchana. Nikasikia honi, nikafuta mikono, nikamwita Lucky. Fuso likaingia getini. Rodrick akaruka chini, akapiga magoti, akafungua mikono. Ilinipa moyo kumwona, maana hata baada ya maneno ya Mwanza bado alikuwa anapiga magoti.

Lucky akatoka mbio, akaona Fuso, akasimama. Akapiga yowe ambalo sijawahi kulisikia kwake, hata alipochomwa sindano.

"Imu! Imu! Bibi, Imu kaja!"

Akageuka, akaanguka, akainuka, akaingia chini ya meza yangu katikati ya mikungu ya ndizi, akajifunika gunia. Rodrick akabaki pale kwenye vumbi, mikono bado iko wazi, anatazama nyuma yake kama kuna mnyama.

Sasa nikafanya nini? Nikaenda kuchukua kitabu. Nilidhani nitamweleza, na yeye atacheka. Rodrick akakipokea, akafungua, akafika kwenye irimu. Akakitazama. Akatazama Fuso. Akakitazama tena.

"Mama, hii si namba yangu?"

"Namba gani?"

"Namba ya gari langu, mama. Na hii bampa ya kijani. Na haya macho aliyonichorea Lemburis mwenyewe mwaka jana. Na hapa usoni imeandikwa KAWIA UFIKE. Mpaka jina la Eliamini lipo mlangoni. Mama, umenifanya zimwi?"

Nikalitazama lile lori, na naapa ilikuwa mara ya kwanza kulitazama sawasawa. Kubwa. Jekundu. Lina macho. Mnaweza kunicheka. Miaka yote lile gari limeingia uani kwangu na mimi sijaliona, kwa sababu mama hatazami lori, mama anatazama anayeshuka kama amekonda.

"Hadithi ya bibi," Rodrick akasema polepole, anageuza kurasa. "Ulikuwa unanisimulia mimi hii. Mimi ndiye nilikuwa yule mtoto." Akacheka, cheko la kunikata maini. "Zamani alikuwa hanitaki mimi, lakini gari alilipenda. Sasa hata gari. Basi, mama. Jumatatu nampa Eliamini jibu lake."

"Rodrick, ngoja ule kwanza..."

"Nimeendesha tangu alfajiri. Acha nilale, siingii ndani nimtie mtoto homa."

Akazunguka nyuma ya Fuso, akapanda juu ya magunia ya pumba aliyobeba, akajishushia turubai. Nikabaki naangalia turubai. Ningekuwa na hasira na yeye ingekuwa rahisi, lakini sikuwa nayo. Niliumia tu.

Hasira nikampelekea mwenye kosa. Lemburis alikuwa anaosha brashi.

"Wewe! Gari zote hizi za Arusha, ukachora la mwanangu?"

"Yeyo, mimi sichori gari nisiloliona. Ulisema kubwa, jekundu, lina macho. Wiki ile Fuso lilikuwa hapa kwa fundi wa springi, Rodrick kapewa gari lingine. Nikainua kichwa, nikaliona lile pale. Nikasema Mungu amekusikia."

"Na namba? Namba ulichora ya nini?"

"Lori bila namba polisi si watalikamata?"

"Polisi wa wapi wanakamata kitabu, Lemburis?"

Akafikiri. Kijana wa watu alifikiri kweli, nikamwona. "Nitaifuta," akasema. "Nitalipaka njano irimu." Nikamwambia alipake njano moyo wa mtoto kama anaweza. Nikarudi jikoni. Mafundi wanakula hata kama dunia inaisha, na ugali haujisongi.

Nikabandika maji. Nikamimina unga. Nikanyoosha mkono kuchukua mwiko, mwiko haupo.

Ndugu zangu, mwiko wangu hauchezewi. Ni wa mti mgumu, mrefu, nimekuja nao kutoka Kibosho, na kila mtu pale anajua. Nikageuka nimtukane fundi wa karibu, jicho likapita chini ya meza. Gunia lipo. Ndizi zipo. Lucky hayupo.

Nikasikia, kwa! Nje, upande wa Fuso. Halafu sauti ndogo inatetemeka.

"Tapika!"

Nikakimbia, na mimi sikimbiagi. Nikazunguka Fuso nikasimama.

Lucky alikuwa amesimama nyuma ya lile lori peke yake. Suruali imelowa yote mpaka kwenye viatu. Midomo inacheza, kamasi na machozi vimechanganyika. Na mwiko wangu kaushika kwa mikono miwili, kauinua juu ya kichwa.

"Lucky," nikamwita kwa sauti ya chini. "Njoo kwa bibi."

Hakugeuka. "Imu kameza baba," akaniambia. "Mi nimeona."

Hapo ndipo nikaelewa. Kutoka pale chini ya meza, kwenye tundu la gunia, alikuwa ameona kila kitu. Ameona mtu anazunguka nyuma ya irimu, anaingia tumboni, turubai linashuka, kimya. Kwa hadithi anayoijua yeye, aliyemezwa mwisho ni nani? Hakuna mtu aliyemwambia. Kalijua mwenyewe hilo, kajikojolea kwa woga, na bado katoka chini ya meza kuja kumtoa.

Akapiga. Kwa! Kioo cha taa ya nyuma kikapasuka, vipande vyekundu vikaanguka.

"TAPIKA!"

"Nani huyo?" Sauti ikanguruma kutoka tumboni mwa lori. "Nani anavunja taa huko? Nikishuka hapa...!"

Lucky akarudi nyuma hatua moja, akakaza mwiko. Turubai likapanda. Juu ya mlango wa bodi kikatokeza kichwa, kofia imekaa upande, uso wote mweupe kwa vumbi la pumba, macho mekundu ya usingizi na hasira. Rodrick akavusha mguu, akavusha wa pili, akaruka chini huku anatafuta wa kumchapa. Akamwona mwenye mwiko.

Mtoto alimtazama. Alimtazama kofia, akamtazama vumbi, akamtazama usoni, kama anavyotazama ukurasa. Mwiko ukamdondoka.

"Baba katoka," akasema.

Rodrick akanitazama mimi.

"Baba katoka! Bibi! Mi nimemtoa baba!" Na mbio zile zile za siku zote, ile mikono juu, ile suruali mbichi, ila safari hii tairi lilikuwa hapo karibu na hakuligusa. Alimvaa baba yake miguuni, akamkumbatia goti. "Baba, ulilia huko ndani? Giza?"

Rodrick akakaa chini pale pale penye vioo, hakuchagua mahali. Akampakata.

"Ndiyo," akamjibu. "Kulikuwa na giza sana."

"Mi nimepiga Imu. Kidole."

"Nimesikia. Umepiga sana, baba yangu. Asante. Asante sana."

Machozi yalikuwa yanachora mistari kwenye vumbi la pumba. Mimi nilitaka kusema neno la maana, la kukumbukwa, neno la mtu mzima. Nikakuta nimesema, "Ugali wangu unaungua," na kweli ulikuwa unaungua, nikarudi mbio nalia kwa sauti mpaka mafundi wakasimama. Walikula wali siku ile, kiporo, na hakuna aliyelalamika. Lemburis akaja mlangoni taratibu na kopo la rangi ya njano, akaniuliza kama alipake irimu. Nikamwambia akigusa hata nukta moja ya kile kitabu nitamkata vidole vyote, na si cha mwisho tu.

Jumatatu Rodrick alikwenda Levolosi kwa Eliamini, akamwambia Mwanza atafute mwingine. Eliamini akasema sawa, lakini taa ni juu yako. Rodrick akasema taa ni juu yangu, akacheka mwenyewe njia nzima mpaka Sakina. Alinisimulia hivyo.

Taa mpya ilipofungwa, Lemburis akaizungushia kipande cha mpira wa tairi, maana utaratibu ulikuwa umeshakuwa utaratibu. Lucky hakubali baba ashuke kwa mlango wa dereva kama watu. Hapana. Fuso likiingia, Rodrick anapita kwenye dirisha la nyuma la kichwa cha lori, anajibana na mwili wake wote ule, anaingia kwenye bodi, anajifunika turubai. Lucky anakuja na mwiko wangu, ambao siku hizi ni wake, mimi nimenunua mwingine. Anaupiga ule mpira wa taa. Anatoa amri. Baba anatapikwa. Mafundi wanapiga makofi, na Anneth akiwepo anasema ameolewa na mizigo.

Siku moja mvua za masika zilikuwa zimeanza, Mlima Meru hauonekani, tope mpaka magotini. Fuso likaingia mchana, na Lucky alikuwa amelala kwa homa kidogo, usingizi mzito. Nikangoja Rodrick aje ndani. Haji. Nikatoka na mwavuli, nikazunguka nyuma, nikainua turubai. Mwanangu amejikunja katikati ya magunia ya vitunguu, analowa bega moja.

"Rodrick! Shuka uje ule, mtoto kalala."

"Bado sijatapikwa, mama," akasema. "Nitangoja aamke."

Nikafungua mdomo nimtukane. Nikaufunga. Nikaenda nikampakulia mtori wa moto, nikamletea humo humo.